Msimu Makumbusho Yetu Yalipopanda Kilima

Kabla hujawaambia watoto habari za mtumbwi, waambie choo kiko wapi. Hilo ndilo somo la kwanza, na ninyi mnaoanza kazi msimu huu msilidharau. Mtoto aliyevuka ziwa kutoka bandari ya Ggaba kule Kampala, akapigwa na upepo, akanywa soda njiani, hawezi kusikia historia yoyote huku amebana miguu. Nimeona walimu wakikasirika, "Mbona hawa hawasikilizi?" Hawasikilizi kwa sababu macho yao yanatafuta mlango.

Jina langu ni Rehema. Kisiwani waliniita Hajati hata kabla sijaenda Hija. Walisema afadhali wazoee mapema. Sasa nimestaafu, nakaa Old Kampala katika nyumba aliyoijenga baba yangu, na nikifungua dirisha naona watu wanavyopanda kilima kwenda kuswali. Mkuu wenu mpya alinipigia simu akaniambia, "Hajati, vijana hawa wanajua kompyuta na wanajua vitabu. Kisiwa bado hawakijui. Waandikie kitu." Basi nimekaa na chai yangu ya tangawizi, naandika. Nikiruka mbele na kurudi nyuma mnivumilie.

Kazi yangu ilikuwa shughuli za masika. Makumbusho yetu ni madogo, mmeyaona, na sehemu kubwa ya mwaka yalikuwa na wageni wachache na popo wengi. Lakini mvua za Machi mpaka Mei zikija, ziwa linaamka. Kambare wanapanda vijito, wadudu wa ziwani wanapaa kama moshi, senene wanaanguka, kila mahali kuna kitu cha kumwonyesha mtoto. Ndiyo maana Mzee Ssemakula aliweka shughuli zetu zote kubwa wakati uleule ambao watu wenye akili zao wanakaa ndani.

Huyo Mzee Ssemakula ndiye aliyeyaanzisha makumbusho. Alifundisha elimu ya viumbe huko Kampala miaka mingi, na alipostaafu alirudi kisiwani kwa babu zake, akaomba ghala kuukuu la samaki pale mwaloni, boti zinapofikia, akaanza kulijaza vitu. Mitego, makafi, ngoma, vyungu, mafuvu ya viboko, mawe. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni, na gambuti miguuni jua liwake au mvua inyeshe. Alikuwa na sheria moja tu: usiguse. Aliisema kwa Kiganda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kama hukuelewa lugha yoyote kati ya hizo, alikutazama tu na mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

Mimi alinichukua kwa sababu ya Kiswahili. Sisi ni Wanubi, baba alikuwa dereva wa malori jeshini, na nyumbani Kiswahili kilitembea bega kwa bega na Kinubi. Wageni kutoka Kenya, Tanzania na Kongo walikuwa wanaongezeka, na Mzee alitaka mtu wa kuwaongoza. Siku yangu ya kwanza niliteremka kwenye boti, nikawasalimu wanawake waliokuwa wakianika mukene, wale dagaa wetu. "Habari za asubuhi, akina mama." Wakaanza kufunika samaki wao kwa kanga. Mzee alinipokea huku anacheka. "Wamesikia Kiswahili, lugha ya jeshi huku kwetu, wamefikiri wewe ni askari," akasema. "Kesho sema Kiganda kwanza. Wakikuzoea, ongea unavyotaka."

Yeye mwenyewe Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala hasa. R na L kwake zilikuwa mtu na ndugu yake, hakuona haja ya kuwatenganisha. Siku moja kilikuja kikundi kutoka Kisumu, naye akasimama mlangoni kwa heshima zote akasema, "Karibuni sana, wageni. Hapa ni mahari ya babu zetu." Mwalimu wao akauliza, "Mzee, nani anaolewa?" Watoto wakacheka mpaka wakashikana. Mzee hakuelewa, lakini aliona wamefurahi, na tangu siku ile kila kikundi kutoka Kenya alikikaribisha kwa maneno hayohayo. Mpaka leo sijui kama aligundua.

Sasa niwape mambo mawili ya kazi kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

La kwanza ni siku ya kivuli. Mwezi wa Machi kuna siku jua hupita juu kabisa ya utosi wetu, na kijiti ukikisimamisha wima kivuli chake kinaingia chini yake kama kuku anayeingia bandani. Mwaka wa kwanza tuliwaita watu saa sita kamili, kwa kuwa kila mtu anajua saa sita ndipo jua linapokuwa juu. Saa sita ikafika, na kila mtu ana kivuli chake. Wazazi wakaanza kututazama. Mzee akapiga hesabu kwa kidole hewani, akasema taratibu, "Saa yetu ni ya Afrika Mashariki yote. Jua inaanza pwani, sisi inatufikia nyuma. Tungoje." Tukangoja karibu saa nzima. Watoto walikaa wakikodolea macho vijiti vyao bila kuambiwa. Karibu na saa saba vivuli vikaisha kabisa, na mtoto mmoja akaruka juu ili aone kama chake kimebaki chini. Kwa hiyo waiteni watu mapema, msiwaambie saa kamili. Wangoje. Ule mngojo ndio somo.

La pili ni wadudu wa ziwani. Mkiona nguzo nyeusi inatembea juu ya maji, huo si moto. Tandazeni shuka jeupe, watoto wachukue wanaotua juu yake wawatazame kwa hadubini. Na ninyi mnaoeleza, simameni mkiupa upepo mgongo na mseme kwa sentensi fupi. Mimi nimewahi kumaliza maelezo yangu nikiwa nimemeza sehemu ya maonyesho.

Haya. Sasa habari ya mwaka ule ziwa lilipopanda.

Wengi wenu mlikuwa bado shuleni. Mvua zilianza mapema na hazikukata. Kwanza maji yalifunika lile jiwe wanalofulia nguo. Baadaye yakafunika njia ya kwenda kwa wauza mkaa. Visiwa vya mafunjo vilikatika huko vilikokuwa vikaja vinaelea, na asubuhi moja tulikuta kimoja kimeziba mwalo wetu, kina ndege juu yake na nyoka ndani yake. Kila mtu alisema maji yatashuka. Ziwa hupanda na kushuka, si jambo geni. Lakini siku moja nilifika kazini nikakuta Mzee ameinama nje ya ghala, ameweka kiganja chake ukutani chini kabisa.

"Ukuta inakunywa," akasema.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa bodi. Bodi yetu ilikaa Kampala, na mwenyekiti alikuwa mtu mwema, mwenye ofisi na shughuli zake. Alisikiliza, akatoa uamuzi bila kuchelewa. Shughuli zote za likizo zifutwe. Vitu vyote viletwe mjini, vihifadhiwe katika stoo aliyokuwa ameiona, kavu, yenye kufuli nzuri, mpaka hali itulie. Angetuma boti kubwa wiki ile ile.

Uamuzi ule ulikuwa na akili, nami nilimwambia Mzee hivyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni na gambuti zake ndani ya maji. Aliingia ndani, akasimama mbele ya ule mtumbwi.

Mmeuona mtumbwi. Mbao ndefu zimeshonwa kwa nyuzi za mmea, hakuna msumari hata mmoja, na mbele una pembe. Ni wa ukoo wake. Zamani sana, ugonjwa wa malale ulipokuwa unaua watu wa visiwani, serikali ya wakati ule iliamuru watu wote wahame. Bibi yake Mzee alikuwa mtoto mdogo, akawekwa ndani ya mtumbwi ule akiwa amelala kifuani kwa mama yake. Waliambiwa ni kwa muda tu. Walikaa ng'ambo mpaka yule mtoto akawa mwanamke mzima mwenye watoto wake. Waliporudi, walirudi wachache, kwa mtumbwi uleule uliotengenezwa upya.

"Vitu vikienda Kampala havirudi, Rehema," akaniambia. "Sitasema mwenyekiti ni mbaya. Stoo ni nzuri, kufuli ni nzuri. Kesho kutwa atakuja mwenyekiti mwingine, ufunguo utapotea, watasema hivi vitu vinafanya nini hapa. Najua. Watu wa hapa waliambiwa kwa muda."

"Sasa tufanye nini, Mzee? Maji yako mlangoni."

"Sijui," akasema, na huyo ni mtu ambaye nilikuwa sijapata kumsikia akisema neno hilo.

Nilitoka nje nikaenda kwa Mapendo kunywa chai. Mapendo ni Mkongo, alikimbia vita kwao upande wa mashariki, akaishi Namuwongo, mtaa wa Kampala karibu na reli. Msimu wa wageni alivuka ziwa na unga wake na mafuta yake, akawakaangia watoto chapati chini ya turubai. Ziwa halikumtisha kwa sababu alizaliwa kando ya ziwa. Nikamwambia yote.

Akageuza chapati. "Sasa ile batoto ba likizo? Beko nakuja ao habaji?"

Vikundi viwili vilikuwa vimethibitisha, kimoja cha Mbuya, mtaa wa wenye nacho, kingine cha Namuwongo kwa akina Mapendo wenyewe. Nilikuwa sijawaambia wasije.

"Ule mulima iko na shule," Mapendo akasema, akaelekeza mwiko wake juu ya kilima. "Batoto ba shule beko kwao. Madarasa iko wazi. Na wewe uko na batoto bengi banakuja na mikono mitupu."

Nilikunywa chai ile bila kuhisi utamu wake. Kisha nikarudi kwa Mzee nikamwambia. Tusifute shughuli. Shughuli yenyewe iwe kuhama. Watoto na watu wa kisiwa wabebe makumbusho mpaka shuleni juu.

Alinitazama kama nimemwambia tupike ngoma kwa mchuzi. "Watoto washike?"

"Washike, Mzee."

"Wakivunja?"

"Maji yatavunja vyote."

Alizunguka chumba kizima akivitazama vitu vyake, kimoja baada ya kingine, mikono mgongoni, jinsi alivyowafundisha wageni kutembea. Nilidhani atakataa. Alipofika tena mlangoni akasema, "Lakini hakuna mtu kubeba kitu hajui jina yake. Kwanza atasikia habari yake. Halafu abebe. Akifika juu, yeye mwenyewe amwambie mtu wa juu kile amebeba."

Mwalimu mkuu wa shule alitupa funguo za madarasa siku hiyohiyo. Nilimpigia mwenyekiti nikamwomba azuie boti yake kidogo. Nilimweleza kwa nini. Hakupenda. Alisema vitu vile viko chini ya dhamana ya bodi, na kwamba kitu kikipotea nitajibu mimi. Nikamwambia nimesikia.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Watoto wa Mbuya waliteremka na raba nyeupe, wa Namuwongo na ndala, na baada ya muda mfupi kwenye tope lile huwezi kujua nani katoka wapi. Tulipanga watu kutoka mlangoni mpaka kwenye njia ya kilima. Mzee alikaa ndani kwenye kiti, maji yakimzunguka, akitoa kitu kimoja kimoja kwa mikono yake. Mtoto anasimama mbele yake, anasikia, anarudia jina, anapewa. Mimi nilikuwa juu darasani nikipokea.

Na hapa nawaambia ukweli kuhusu historia. Inabadilika njiani. Vitu vizito vilipokezanwa, kila mtu akimwambia mwenzake, na vilipofika juu vilikuwa na maisha mapya. Mtego wa samaki ulinifikia ukiwa kitanda cha mtoto mchanga wa mfalme. Fuvu la kiboko lilikuwa la mamba, halafu la tembo, na aliyelikabidhi aliniapia kwamba ni la shetani. Nilikuwa nawarudisha, "Teremka ukamuulize Mzee." Wakateremka mbio, wakapanda tena wakihema na jibu sahihi. Watoto wale walisoma siku ile kuliko darasa lolote nililowahi kuendesha, kwa sababu kosa lilikuwa na kilima ndani yake.

Kisha nikasikia kimya. Msururu wote ulinyamaza kuanzia chini, nikajua kuna kitu. Niliteremka.

Msichana mmoja wa Namuwongo aliyeitwa Scovia alikuwa amesimama katikati ya njia, ndala moja imekatika kamba, na mbele yake chungu kimepasuka. Hakuwa analia. Alikuwa amekauka, anatazama vipande kama mtu anayesubiri kupigwa. Hakuna aliyemsogelea.

Chungu kile nilikijua. Mzee alipewa na dada yake, ambaye alikuwa amefariki. Kilikuwa cha bibi yao.

Mzee alitoka ghalani, akapanda njia polepole, gambuti zikifyonza tope. Watu walimpisha. Alifika, akachuchumaa, na magoti yalimsumbua kuchuchumaa. Akaokota kipande kimoja, akakifuta kwa shati lake, akakitazama kwenye ukingo wake.

"Njoo hapa," akamwambia Scovia. "Chuchumaa. Unaona nini?"

Msichana akachuchumaa. "Nje nyekundu," akasema. "Katikati nyeusi."

"Kwa nini katikati ni nyeusi?"

"Sijui."

"Moto haikufika ndani. Walichoma haraka, labda mvua ilikuwa inakuja kama leo. Na hizi kitu nyeupe ndogo?"

"Mawe?"

"Ni konokono wa ziwa. Bibi alisaga ganda ya konokono akachanganya na udongo, ndio chungu isipasuke kwa moto." Akakigeuza kipande kwenye mwanga. "Miaka yote nilikuwa nataka kujua bibi alichanganya nini. Sikuweza kuuliza chungu nzima."

Akamwekea Scovia kipande kile kiganjani. Wengine wakaokota vilivyobaki. "Peleka juu," akasema. "Ukifika, umwambie mtu wa juu kwamba ndani ni nyeusi, na umwambie kwa nini."

Msururu ukaanza tena kutembea. Watoto wote sasa walitaka kubeba kipande cha chungu. Mzee yeye hakurudi mara moja kwenye kiti chake. Alizunguka nyuma ya ghala, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta, uso ameuelekeza ziwani. Nilisimama mbali kidogo. Akasema bila kugeuka, "Endelea, nakuja." Nikaendelea.

Mtumbwi tuliuacha mwisho kwa kuwa haukupita mlangoni. Ghala lilikuwa limewekwa mlango mpya baada ya mtumbwi kuingia, na mlango ule ni mdogo. Wavuvi walikuja na nyundo kubwa, wakamtazama Mzee. Akaitikia kwa kichwa kwamba wapige. Waliubomoa ukuta wa upande wa ziwa, maji yakaingia kwa nguvu mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza tangu zamani zile mtumbwi ukaguswa na ziwa. Uliinuka kidogo. Mzee aliona ukiinuka, na wavuvi wakauona pia, wakauacha uelee hivyo kwa muda mfupi kabla ya kuingiza miti chini yake.

Kupanda ndiko kulikoshinda watu. Ule mtumbwi ni mrefu, njia inapinda, tope linateleza. Walifika kwenye kona ya kwanza wakakwama. Wa mbele walisema wa nyuma hawasukumi, wa nyuma walisema wa mbele wanavuta kombo. Mbao zilianza kulia kwenye mishono. Mmoja akasema tuushushe tuukate vipande viwili, tutaushona baadaye, na hakuna aliyembishia.

Mapendo alikuwa amesimama kando na mwiko wake bado mkononi. "Banaume," akasema, "munabeba kimya kama munaiba. Mutumbwi haibebwe kimya."

Akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kuvuta nyavu wa kwao, maneno yake sikuyaelewa yote, anaita sauti moja halafu anaacha nafasi. Mara ya kwanza nafasi ile ilibaki tupu. Mara ya pili mvuvi mmoja akaijaza kwa Kiganda, neno lolote lililomjia. Mara ya tatu walijaza wote, na kila walipojaza mtumbwi ulisogea. Watoto walipanda kandokando wakiitikia. Nilimwona Mzee akitembea nyuma ya wote, kofia mkononi, na ninaamini hakuwa anauona mtumbwi tu. Ulipita kona. Ulipita kwa wauza ndizi. Ukafika kiwanja cha netiboli cha shule, ukawekwa juu ya matairi, turubai ya Mapendo ikatandazwa juu yake.

Mwenyekiti alipiga simu jioni ile. "Vitu viko wapi?"

"Viko juu shuleni, mheshimiwa."

"Vyote?"

"Vyote isipokuwa chungu kimoja. Na hicho tunacho kwa vipande."

Akasema atakuja mwenyewe. Alikuja siku chache baadaye akiwa tayari kugomba, nilimwona kwa jinsi alivyoteremka botini. Alipofika shuleni alikuta foleni. Watu wa kisiwa walikuwa wamekuja kuangalia vitu walivyobeba. Mama mmoja alikuwa anamweleza mumewe habari za ngoma fulani kana kwamba ni yake. Mwenyekiti alipita darasa moja mpaka jingine, akakaa kwenye dawati dogo la mtoto, magoti yamefika kidevuni. Mzee akakaa jirani yake. Sikusikia walichozungumza. Nilichoona ni kwamba walipoinuka, mwenyekiti alimsaidia Mzee kusimama, na boti ya kubeba vitu haikuja tena.

Shule ilipokaribia kufunguliwa tulihitaji mahali. Kijiji kilitoa kiwanja pembeni ya shule, tukajenga banda la mabati, na bodi baadaye ikajenga jengo hili mnalofanyia kazi ninyi. Ghala la zamani lilianguka mvua zilezile. Maji yaliposhuka palibaki sakafu na tope, na sasa wanawake wanaanika mukene hapo.

Mtauliza kilichobadilika. Kilichobadilika ni watu. Zamani wageni wetu walikuwa wa kutoka ng'ambo, na wenyeji walipita mlangoni wakiwa na shughuli zao. Baada ya kuhama, mtu akitoka shambani huingia kwanza kuangalia kafi alilobeba kama bado lipo. Scovia alikuja msimu uliofuata, na uliofuata tena, akileta wenzake, na kabla sijafungua mdomo wangu yeye alikuwa keshawaeleza kuhusu konokono. Nilimwomba Mzee tuwe na vitu vichache vya kushikwa kila masika. Alikataa. Msimu mwingine nikamwomba tena, akakubali mtego mmoja. Kisha ngoma. Mtumbwi alikataa katakata, na nilipostaafu alikuwa bado anakataa. Tulibishana kwa heshima, lakini tulibishana.

Ni mkuu wenu wa sasa aliyekuja kuamua kwamba upande mmoja wa mtumbwi, ule ulio imara, watoto waruhusiwe kuushika. Nilialikwa siku hiyo, na Mzee naye akaletwa na binti yake. Macho yalikuwa yameshaondoka, haoni tena. Alikaa mbele wakati wa hotuba, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilikuwa na wasiwasi atasema nini.

Watoto walipangwa mstari. Binti yake akamuuliza kama anataka kurudi kivulini. Akasema hapana, akaomba apelekwe kwenye mstari. Tukamweka mbele, naye akafika kwenye mtumbwi, akasimama. Akainua mkono, akausitisha hewani, ile tabia ya miaka yote, maana sheria yake ya kutogusa ilimhusu hata yeye. Nilikuwa karibu. Nikamwambia, "Sogeza kidogo tu, Mzee."

Akauweka. Aliupitisha kiganja chake kwenye ubao, akatafuta mshono, akaufuata kwa kidole chake cha kwanza, tundu moja baada ya jingine.

"Kumbe ni nyororo," akaniambia kwa sauti ndogo. "Rehema, hukuniambia ni nyororo."

Akaendelea kuufuata ule mshono. Mstari ulisimama nyuma yake, watoto wakaanza kusukumana, na mmoja, wa darasa la kwanza au la pili, akamvuta suruali.

"Jjajja," akasema, yaani babu, "na sisi pia."

Mzee akacheka, akajisogeza pembeni, akampisha.